Kusoma Mawe Chini ya Mlima Meru

Msafiri atokaye Moshi kwenda Arusha kwa barabara, mwendo wa kilomita zipatazo 80, aghalabu macho yake huwa juu. Nyuma yake anauacha Kilimanjaro, na mbele yake anapokelewa na Meru. Ni wachache watazamao chini, kandokando ya barabara, pale ambapo msafiri akisha kuipita njia panda ya uwanja wa ndege nchi huanza kujaa vilima vidogo vidogo vya mviringo, mithili ya vichuguu vilivyotapakaa shambani. Vilima hivyo havikuota pale vilipo. Vilitoka mlimani.

Jambo hilo tuliambiwa mwaka 1986, tukiwa wanafunzi wa jiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ndani ya basi lililokuwa limejaa nyundo, dira, magunia ya mchele na masufuria. Idara yetu ilikuwa changa, kwani ilianzishwa mwaka 1974, lakini tayari ilikuwa na desturi isiyovunjwa: mwanafunzi asiyetoka nje akaugonga mwamba kwa mkono wake mwenyewe hawezi kuhesabiwa kuwa amesoma. Mwalimu wetu alisimamisha basi karibu na Kikatiti, akatuteremsha sote, akatutaka tueleze kilima kilichokuwa mbele yetu kimefanywa na nini. Tulikuta mawe makubwa na madogo, ya rangi mbalimbali, yamekorogwa pamoja na udongo bila mpango wala tabaka. Mto hauwekei mawe hivyo, na zaha haimwagiki hivyo.

Ndipo akatueleza. Maelfu ya miaka iliyopita Mlima Meru ulikuwa mrefu kuliko ulivyo leo, nao ulikuwa mzima pande zote. Kisha ubavu wake wa mashariki ukaporomoka. Sehemu kubwa ya mlima iliteleza kwa kishindo kimoja, ikaenea nyikani kuelekea Kilimanjaro, na vipande vyake vikubwa ndivyo hivyo vilima. Mlima uliobaki, wenye urefu wa mita 4,566, una umbo la kiti cha kifalme kilichogeuzia mgongo magharibi. Mkazi wa mjini Arusha hauoni uwazi huo, kwa kuwa yeye huutazama kutoka kusini na magharibi. Naye huuona mlima mkamilifu.

Tulipiga kambi nje kidogo ya mji. Mji wa Arusha wa siku zile, ambao sasa ni jiji, ulikuwa bado unaweza kuuzunguka kwa miguu kuanzia mnara wa saa hadi sokoni na kurudi kabla ya chai kupoa. Sina mengi ya kusema juu ya mji wenyewe, maana hatukupewa nafasi ya kuutembelea. Kila asubuhi tuliondoka kabla ya jua, na kila jioni tulirudi na mifuko ya mawe mizito kuliko sisi wenyewe. Katika mawe hayo, lililotufurahisha zaidi ni fonolaiti, jiwe la kijivu ambalo likipasuka katika vibamba vyembamba na kugongwa kwa nyundo hulia kama chuma. Jina lake kwa Kiyunani lina maana ya jiwe la sauti. Mpishi wetu alichukua kibamba kimoja, akakitundika mtini, akawa anakigonga kutuita chakula.

Siku ya tatu tuliingia Hifadhi ya Taifa ya Arusha, ambayo ilianza mwaka 1960 kwa jina la Ngurdoto, na baadaye ikaongezewa mlima wenyewe. Tulisimama ukingoni mwa kasoko ya Ngurdoto, shimo la volkano lenye upana wa kilomita tatu hivi, ambalo sakafu yake ni mbuga ya nyati na ambalo wageni hawaruhusiwi kuteremka. Kutoka hapo tulikwenda Momella. Maziwa ya Momella hayakuchimbwa na volkano, kama wengi wadhanivyo. Ni maji yaliyojaa katika mabonde yaliyosalia kati ya vilima vya maporomoko. Ndiyo maana kila ziwa lina tabia yake. Maji yake ni ya magadi, nyati na twiga hukaa kandokando, na heroe hukusanyika katika ziwa moja wakaliacha jingine lililo jirani. Uzuri wa mahali hapo unatosha kumsahaulisha mtu kazi iliyompeleka.

Lakini jambo lililonifanya niikumbuke safari hiyo kwa miaka yote hii tulilikuta ng'ambo ya hifadhi, upande wa Ngarenanyuki. Jina hilo ni la Kimaasai, lina maana ya maji mekundu. Ni ardhi yenye historia. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka huko ili kuwapa nafasi walowezi, na mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri hadi Umoja wa Mataifa, New York, kuwasilisha malalamiko ya watu wake. Ardhi haikurudishwa siku ile, lakini dunia ilisikia, na Tanganyika nzima ikajifunza. Sisi tulikuwa tumesoma habari hizo tangu shuleni. Tulilokuwa hatujasoma ni habari za maji.

Tulikuwa tumeinama juu ya mwamba, kando ya chemchemi, alipofika mama mmoja wa makamo na ndoo yake. Tulimwamkia, akaitikia, akasimama akitutazama.

"Wanangu, mnatafuta dhahabu?"

"Hapana, mama. Tunasoma mawe."

Akacheka, na alipocheka tuliona kwamba meno yake yalikuwa na madoa ya kahawia, mengine yamemeguka. Watoto wawili waliomfuata walikuwa hivyo hivyo, na mdogo wao miguu yake ilikuwa imepinda.

"Basi someni na haya maji," alisema. "Sisi hapa tunatambuliwa kwa meno. Nikienda Moshi kwa dada yangu, sokoni wanajua nimetoka wapi kabla sijafungua mkoba."

Hakuna aliyejibu. Mwalimu, ambaye kwa kawaida hakukosa neno, alimwomba ruhusa, akajaza chupa mbili. Moja kwa maji ya chemchemi ile, na nyingine kwa maji ya kijito kilichotoka juu msituni. Jioni ile hakutufundisha fonolaiti. Alitufundisha floraidi.

Nitaieleza kwa kifupi kama nilivyoielewa. Volkano za Bonde la Ufa za upande wetu, Meru ikiwamo, zina zaha na majivu yenye sodiamu nyingi na floraidi nyingi. Mvua ikinyesha, maji hupenya katika mawe hayo na kuichukua floraidi. Kama maji yangekuwa na chokaa ya kutosha, floraidi ingeshikana nayo na kubaki ardhini. Lakini maji ya Meru aghalabu yana chokaa kidogo, basi floraidi husafiri nayo hadi kwenye ndoo. Kadiri maji yakaavyo muda mrefu mwambani, ndivyo yachukuavyo zaidi. Ndiyo sababu chemchemi mbili zilizo karibu zaweza kutofautiana kabisa. Kiasi kidogo huimarisha meno. Kiasi kikubwa huyaharibu meno ya mtoto yangali yanajijenga ndani ya ufizi, na kikizidi sana kwa miaka mingi, hupinda mifupa. Mama yule hakuwa mchafu wala mvivu wa mswaki, kama watu wa mbali wapendavyo kusema.

Kinachouma ni kwamba majivu hayo hayo ndiyo yaliyowapa Wameru na Waarusha udongo mweusi ambao migomba na mibuni hustawi bega kwa bega katika miteremko ya kusini.

Hapa ningewaomba wenye kushika mwiko jikoni wanisikilize. Kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi floraidi; maji yakipungua kwa mvuke, floraidi inayobaki huwa nzito zaidi. Tena magadi tunayotia katika maharage na makande ili yaive upesi huweza kuwa na floraidi nyingi, kulingana na mahali yalipookotwa. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri kwenye bati safi hayana tatizo hilo, na inafaa watoto wadogo wapewe hayo kwanza. Huko Ngurdoto, Wizara ya Maji ina kituo cha utafiti ambacho kimeendeleza njia ya kuchuja maji kwa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa na kusagwa. Wapo wanaokataa maji yaliyopita katika mfupa, nami siwacheki. Heshima ya chakula na kinywaji si jambo dogo.

Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi isizidi miligramu 1.5 katika lita moja. Kwa miaka mingi nchi yetu iliruhusu hadi 8, si kwa kutojua, bali kwa sababu kuyafunga maji yote yaliyozidi kungewaacha watu wengi bila tone. Baadaye kiwango kilishushwa hadi 4, kisha 1.5. Kushusha tarakimu katika karatasi ni rahisi kuliko kuishusha katika kisima.

Siku mbili za mwisho tulipanda mlima, tukiongozwa na askari wa hifadhi mwenye bunduki kwa ajili ya nyati. Tulilala kibanda cha Miriakamba, kesho yake tukafika juu ya ukingo. Mbele yetu ulisimama ukuta wa mwamba, karibu mita 1,500 kutoka sakafu ya kasoko hadi kileleni, tabaka juu ya tabaka, zaha juu ya majivu. Chini yake ilikaa koni ya majivu, nyeusi, ndogo kwa kulinganishwa, nayo iliota baada ya maporomoko. Mlipuko wa mwisho wa Meru ulikuwa mwaka 1910. Upande wa mashariki, mahali ambapo mlima haupo, tuliona maziwa ya Momella, vilima vilivyotawanyika, na nyuma yake moshi wa mapishi ya Ngarenanyuki. Mwalimu akatuhimiza tupime mwinamo wa tabaka kabla ukungu haujafunga. Tulikuwa na robo saa.