Pikipiki Kuukuu na Viatu Vyake

Mkazi wa Gihundwe hatoki nyumbani kwake ila kwa kupanda au kuteremka. Upande mmoja Ziwa Kivu linametameta chini ya vilima, na ng'ambo yake zinaonekana nyumba za Bukavu zilivyosongamana juu ya rasi. Upande mwingine barabara inapinda kuelekea mashamba ya chai na msitu wa Nyungwe. Kwa hiyo jirani yangu, bwana shamba mstaafu, aliponiuzia pikipiki yake kuukuu, niliona kama nimepewa miguu mipya. Ilikuwa Yamaha AG100, ile ambayo wengi wetu tuliizoea kwa mabwana shamba na watu wa misheni. Herufi zake mbili zimetokana na neno la Kiingereza la kilimo. Mnyororo wake umefichwa ndani ya kifuniko usiingie matope, keria ziko mbele na nyuma, na vyuma vya kuiegeshea viko kushoto na kulia, ili mtu aweze kuisimamisha hata katikati ya mteremko. Ni mashine ya kazi. Haina haiba, nami, kwa upungufu wa akili, nilitaka haiba.

Shule ninayofundisha iko upande wa Nkanka. Siku za kazi pikipiki ilinichukua mimi na madaftari ya wanafunzi. Jumamosi nilikusudia itutembeze, mimi na mmoja wa watoto kwa zamu, kando ya ziwa au hadi Bugarama kwa shangazi yao. Basi kwa muda wa mihula miwili niliipamba kama bibi arusi. Nilianza na kioo cha kukinga upepo. Kikafuata kifuniko cha kiti chenye nyuzi nyekundu pembezoni, kisha vyuma vizito vya kukinga magoti, kisha taa ndogo za rangi, na mwisho honi yenye sauti mbili ambayo mbuzi wa mtaa wote waliifahamu. Nilipojumlisha baadaye niliona nimetumia faranga 70,000. Mke wangu alinitazama nikiifuta vumbi jioni moja, akasema:

"Baba watoto, naona umeinunulia nguo. Na kwa daktari je, umeipeleka?"

Nilimjibu kwamba mambo ya mashine yana wenyewe. Jibu hilo nimelijutia kuliko fedha.

Yapasa nieleze kidogo habari ya milima yetu. Ziwa Kivu liko kiasi cha mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Mto Rusizi unapotoka ziwani hushuka mbio kwenda Tanganyika, na katika bonde la Bugarama unafika kiasi cha mita 950, sehemu ya chini kuliko zote nchini Rwanda. Maana yake ni kwamba anayetoka kwetu kwenda kwenye mashamba ya mpunga ya Bugarama huporomoka kiasi cha mita 500 na zaidi katika safari moja ya asubuhi. Sasa, injini ya mipigo minne, dereva akiachia petroli, hujizuia yenyewe na kuyapunguza mbio magurudumu. Ile ya mipigo miwili, kama ya pikipiki yangu, haina nguvu ya kutosha ya kujizuia hivyo, na mteremko wote hubebwa na breki. Mimi nilikuwa nimeendesha kwa mwaka mzima bila ya kulijua jambo hili, na juu yake nimeongeza uzito wa vyuma.

Jumamosi hiyo nilimpakia binti yangu mkubwa, wakati huo akiwa na miaka kumi na mmoja. Mvua ilikuwa imekatika alfajiri na barabara ilikuwa inang'aa. Tulipofika katika mizingo ya chini nilisikia harufu ya kitu kinachoungua, nikadhani ni moshi wa mashambani. Kwenye kona iliyofuata nilibana mkono wa breki ya mbele, ukaja mpaka ukagusa mpini. Nilikanyaga ya nyuma. Ilikuwa kama kukanyaga unga. Mbele yetu lori lililosheheni mifuko ya saruji lilikuwa likipanda polepole, na kijana wa baiskeli yenye mikungu ya ndizi alikuwa akijaribu kulipita. Nafasi iliyobaki haikutosha mtu. Niliielekeza pikipiki mtaroni.

Namshukuru Mungu kwamba sote wawili tulikuwa tumevaa kofia ngumu. Kioo cha upepo kilivunjika vipande vipande, na ile honi ya sauti mbili ilikwama ikawa inalia yenyewe, inalia, inalia, mpaka dereva wa lori aliposhuka akaung'oa waya. Binti yangu alishonwa nyuzi sita gotini. Hakulia. Njiani kurudi, ndani ya gari la watu, aliuliza jambo moja tu: "Baba, ulikuwa hujui kwamba haisimami?"

Fundi ninayemtegemea ana kibanda chake Kamembe, naye ni mzaliwa wa Bukavu. Nilimpelekea orodha niliyoiandika usiku kwa mwandiko safi wa ubaoni: viatu vya breki, waya wa breki, taa ya mbele, shokomzoba. Aliisoma kwa sauti mbele ya wateja wote. Alipofika kwenye viatu aliweka karatasi chini.

"Mwalimu, pikipiki yako inavaa namba ngapi?"

Kicheko kilichofuata kilinifundisha mengi. Yeye husema garinitire, na breki ni feri, na waya wake ni kabule ya feri. Taa ya mbele ni fara, plagi ni buji, injini ni moteri, kofia ngumu ni kasike, na shokomzoba, ambalo alilitamka kama mtu anayeonja chakula kigeni, kwake ni amotisere. Pwani ilichukua maneno yake ya gereji kwa Mwingereza, sisi wa maziwa tukayachukua kwa Mfaransa na Mbelgiji. Tangu 2017, Kiswahili kilipofanywa lugha rasmi ya nne ya Rwanda, nimekuwa nikisahihisha maneno kama hayo kwa wino mwekundu katika insha za wanafunzi. Baada ya siku ile nimeacha. Mwanafunzi akiandika feri namwandikia pembeni kwamba Dodoma wataita breki, basi. Hivyo viatu vyangu, ambavyo nilivitafsiri mwenyewe neno kwa neno kutoka Kiingereza, fundi hakuvijua, na kijana wa Mwanza aliyekuwa pale akingojea gari lake naye hakuvijua. Yeye alisema breki shuu.

Fundi alipofungua ngoma za magurudumu hakucheka tena. Garinitire zilikuwa zimekwisha mpaka karibu na chuma. Baya zaidi, mkono mdogo unaozipanua ulikuwa umechomolewa na kurudishwa ukiwa umesogezwa meno mawili, ili breki ionekane ingali inakaza. Nani aliyefanya hivyo sijui wala sikuuliza, maana mwaka mzima mashine ilikuwa mikononi mwangu. Alinieleza kwamba hila hiyo huficha uchakavu tu: siku moja mkono hupitiliza, na breki ama haikamati kabisa, ama hukamata isiachie. Jozi mbili mpya, ya mbele na ya nyuma, pamoja na kabule mpya, ziligharimu faranga 18,000. Alizisugua kwa msasa, akafuta ngoma, akanionyesha kwa kidole mahali pa kutazama kila mwezi.

Kisha alinigombeza juu ya tairi la mbele. Mimi nilikuwa nikilisifu kwa kuwa lina meno mazuri; yeye alilikunja kidogo kwa gumba nikaona mbavu zake zimepasukapasuka kwa uzee. Tukalibadilisha. Kuhusu taa nilitaka anifungie kubwa zaidi, kwa sababu hapa kwetu jua hutua karibu na saa kumi na mbili mwaka wote, na mwalimu mwenye kikao cha jioni hurudi gizani. Alikataa. Aliufuata waya wa masi, yaani ule unaorudisha umeme kwenye mwili wa pikipiki, akaukuta umeshika kutu. Aliusugua na kuukaza, akapangusa ndani ya fara, na mwanga ukarudi ambao sikuwahi kuuona. Taa za rangi alizikata bila ya kuniomba ruhusa. Taa nyekundu ya nyuma, ambayo haikuwa ikiwaka nilipokanyaga breki, ilihitaji springi ndogo ya bei ya soda.

Mwishoni tu, baada ya majuma mawili ya majaribio mtaani, alikubali tuongeze vitu. Tulivua vile vyuma vizito. Kwenye keria ya nyuma tulifunga sanduku la mbao lililopakwa rangi, lenye ukingo wa mpira, ambamo madaftari arobaini hukaa makavu hata Machi. Hakuna kifaa nilichonunua kinachonipa raha kama sanduku hilo. Tuliweka vioo viwili vya pembeni, na vikanyagio vya abiria vilivyokuwa vimelegea tukavikaza. Wenzangu ofisini huniuliza kwa nini nisingojee pikipiki za umeme kama zile zinazoonekana Kigali. Huenda nitangojea. Lakini Jumatatu haingojei.

Kuteremka nako nimejifunza upya. Naanza na gia ndogo tangu juu, sibani breki mfululizo bali nabana na kuachia, na kila baada ya muda nafungua petroli kidogo. Kwa kuwa katika mashine hii pampu ya oili huufuata mkono wa petroli, na ukiufunga muda mrefu huku injini inazunguka mbio, vyuma husuguana vikavu. Nusu ya njia tunasimama. Naweka kiganja karibu na ngoma kusikiliza joto lake, na tunakula mahindi.

Nasema tunasimama, kwa kuwa binti yangu hurudi kupanda nami siku hizi. Ilimchukua miezi minane. Hakushawishiwa na mtu. Asubuhi moja alitoka na kofia yake mkononi, akapita nyuma ya pikipiki, akachuchumaa.

"Kanyaga," alisema.

Nilikanyaga, taa nyekundu ikawaka. Akaenda mbele, akaubana mwenyewe mkono wa feri kwa vidole viwili, akaniambia niisukume. Haikusogea. Ndipo akapanda. Desturi hiyo ameishika mpaka leo, hata tukienda dukani tu.

Ile honi nilimuuzia motari mmoja kijana, kama tuwaitavyo hapa madereva wa pikipiki za abiria. Saa moja ya usiku hupita nyuma ya nyumba yetu akishuka kuelekea ziwani, akiilia kwa sauti zote mbili. Mke wangu, bila ya kuinua macho kwenye mchele anaochagua, husema, "Yako hiyo." Nami hujiuliza garinitire zake zina umri gani.