Hamburg, mara ya tatu

"Kwani Ujerumani hakuna mji mwingine?" Ndivyo shoga yangu anavyonitania kila nikijaza fomu ya likizo. Ipo mingi, mpenzi msomaji. Lakini mimi na mume wangu tumeshakwenda Hamburg mara tatu, na Mungu akipenda tutarudi.

Safari ya kwanza tulikimbizana na ramani. Asubuhi mnara wa kanisa la St. Michaelis, ambako unauona mji wote na mto Elbe ukiwa mita 106 juu. Mchana Speicherstadt, yale maghala ya matofali mekundu yaliyohifadhi kahawa, chai na viungo, ambayo UNESCO iliyaingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2015. Jioni tukanuniana kwa uchovu. Picha kibao, maongezi hakuna!

Safari ya pili mwenzangu alikuja na jambo. Tulikuwa kwenye boti namba 62, usafiri wa kila siku kama pantoni yetu ya Kigamboni, akaniambia amepata kazi kulekule. "Utapazoea tu," akasema. Nikameza mate.

Kesho yake, Jumamosi, tukaenda makaburi ya Ohlsdorf, makubwa mno hadi mabasi ya jiji yanapita ndani. Tulimfuata mtu wa nyumbani: Sayyida Salme, binti wa Sultani Said wa Zanzibar. Alitoroka Unguja mwaka 1866 kwa ajili ya mapenzi, mwaka uliofuata akaolewa na Mjerumani na kuhamia Hamburg. Mwaka 1870 mume akafa kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu wadogo. Alifariki mwaka 1924.

Pale kaburini machozi yakanitoka. "Siogopi baridi," nikamwambia mume wangu. "Naogopa kubaki peke yangu ugenini."

"Mbona hukusema?"

"Hukuniuliza."

Usiku ule tuliongea hadi alfajiri, tukatoka moja kwa moja kwenda Fischmarkt, soko la Jumapili lililoanza mwaka 1703. Tukala mkate wa samaki tukiwa tumesimama, macho mekundu. Kazi tukaikataa, sote wawili.

Safari ya tatu hatukuwa na ratiba. Tulipita kwa miguu kwenye handaki la zamani chini ya mto, mita 426, lililofunguliwa mwaka 1911. Halina kiingilio. Ukitokea ng'ambo, unauona mji mzima mbele yako. Mume wangu alisimama pale muda mrefu, anatazama meli.

"Unajuta?" nikamuuliza.

"Leo kidogo," akajibu.

Sikununa. Nilimshika mkono tu, kwa sababu safari hii nilikuwa nimeuliza, naye alikuwa amesema kweli.

Kwa hiyo wapendanao, kama mji umewakorofisha mara ya kwanza, msiufute kwenye orodha. Rudini, ila ramani iacheni hotelini.