Herufi Moja

Hapa Kiganjo, karibu na Thika, naitunza orodha ya vitabu katika kompyuta. Iliandikwa na mikono mingi: anwani hii kwa herufi kubwa tupu, ile kwa ndogo tupu. Ili kuzilinganisha nilitunga programu fupi yenye amri mbili: herufi ya kwanza iwe kubwa, zilizosalia ziwe ndogo. Nikaijaribu kwanza juu ya nakala.

Tazama, ewe msomaji, ilivyotenda. Riwaya ya Mohamed Suleiman Mohamed ya mwaka 1976, "Nyota ya Rehema", ikawa "Nyota ya rehema". Rehema ni msichana, mwenye mateso na matumaini yake. Kwa herufi moja ametoweka, imebaki huruma isiyo na mwenyewe.

Nikaongeza amri ya tatu: majina yaliyoorodheshwa yasiguswe. Giningi, katika "Kisima cha Giningi" cha mwaka 1968, ikasalimika. Lakini rehema ni jina tena ni neno, na kompyuta haijui lipi ni lipi. Ajuaye ni aliyekisoma kitabu.

Basi, kijana, chombo na kikupunguzie kazi ya mkono. Kazi ya kusoma usikiachie.