Serikali na Mlango wa Jirani Yangu



Mwezi wa Mei 2017, wakati wa marehemu Rais Nkurunziza, Serikali ya Burundi ilitoa amri: mume na mke wanaoishi pamoja bila ndoa ya kisheria wafunge ndoa kabla ya mwaka huo kwisha. Sababu zilizotajwa ni wingi wa watu na mimba za wanafunzi. Mimi hapa Buyenzi nilifurahi. Nikasema, Alhamdulillah, zinaa itapungua.

Furaha ilinitoka siku mkuu wa mtaa alipopita na daftari. Jirani yangu aliozeshwa na walii wake, mashahidi wapo, mahari kapokea. Lakini sheria ya nchi inatambua ndoa ya komuni peke yake, basi jina lake likaandikwa pamoja na wasiooana. Alinijia analia: "Dada, kumbe miaka yote hii mimi ni kimada?"

Nikakumbuka kisa cha Sayyidna Umar (Radhiya Llahu anhu). Inasimuliwa kwamba usiku mmoja aliruka ukuta akamkuta mtu na pombe. Yule mtu akamwambia: mimi nimekosa moja, wewe matatu. Umepeleleza, hukupitia mlangoni, na umeingia bila idhini wala salamu. Umar, pamoja na ukhalifa wake, akamwacha.

Ndugu zangu, sisemi serikali haina kazi. Cheti cha komuni kinamsaidia mjane na mayatima wasinyang'anywe haki yao, na jirani yangu nilimsindikiza mwenyewe kukichukua. Kumzuia mtu asimdhulumu mwenzake ni wajibu wa serikali. Lakini kumfanya mtu amche Mola wake hakuji kwa amri wala kwa daftari. Hiyo ni kazi yetu sisi wazazi, walimu na masheikh, kwa nasaha na mfano mwema. Na dini yenyewe haina kulazimishana.

Kosa langu ni kwamba nilishangilia nguvu kwa sababu siku ile ilielekea ninakopenda. Sisi Waislamu ni wachache Burundi. Tukiipa serikali ruhusa ya kuingia kwa jirani, kesho itaingia kwetu kwa ruhusa ile ile.

Tuwafunze watoto wetu kujizuia wenyewe, hata pasipo askari.

Wabillahi tawfiq.