Kionga: Likizo ya Juni au ya Desemba?

Askari apatapo likizo yake ya mwaka, jamaa nyumbani huanza kuulizana: twende wapi, na twende lini? Kwa familia nyingi za Mtwara zenye wajomba, shangazi na makaburi ya wazee wao ng'ambo ya mto Ruvuma, la kwanza halina ubishi. Watakwenda Kionga. La pili ndilo lenye kuhitaji shauri, maana shule hufunga Juni na Desemba, na miezi hiyo miwili haifanani hata kidogo.

Kionga, ambayo katika maandishi ya Kireno huitwa Quionga, imo katika wilaya ya Palma, mkoa wa Cabo Delgado, kusini kidogo mwa mdomo wa Ruvuma. Wenyeji wake husema Kimakwe, Kimwani na Kiswahili, hivyo mgeni wa Mtwara hahitaji mkalimani. Wajerumani waliitwaa pembe hiyo ya ardhi mwaka 1894 wakaiunga na koloni lao. Aprili 1916 Wareno waliiteka, na Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ukawathibitishia. Mpaka ulihamia mtoni, lakini watu hawakuhama. Ndiyo sababu hata leo ukoo mmoja waweza kuwa na bendera mbili.

Mtu aendaye Misri hushauriwa achague miezi ya baridi ili alikimbie joto la jangwa. Kwa Kionga hesabu ni nyingine: mgeni hutazama mvua, upepo na mto. Mvua za huko ni za msimu mmoja, tangu Desemba hadi Aprili, si kama Tanga na Unguja zenye vuli na masika. Mwenye kusafiri Desemba huukuta upepo wa kaskazi, joto kali na mawingu yanayokusanyika. Januari na Februari njia hugeuka matope, mto hufura, na mbu huongezeka. Isitoshe, hiyo ndiyo miezi ya vimbunga. Kimbunga Kenneth kiliupiga mkoa huo tarehe 25 Aprili 2019, na Chido tarehe 15 Desemba 2024.

Lipo na jambo jingine ambalo wageni wengi hulisahau. Januari na Februari ni miezi ya jembe. Akiba ya mwaka uliopita imekwisha na mazao mapya hayajakomaa. Mwenyeji hatamfukuza mgeni, bali atampikia hata kile alichokiweka kwa watoto wake. Wahenga walisema, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe." Kwa Januari, jembe hilo si mzaha. Asiyeweza kushika mpini na abebe unga, sukari na mafuta ya kupikia.

Juni mambo hubadilika. Mvua zimekatika, mpunga na mahindi yamevunwa, na usiku wa kipupwe huhitaji shuka ya pili. Njia hukauka, na watoto waweza kutembea bila kuzama matopeni. Tarehe 25 Juni Msumbiji huadhimisha uhuru wake wa mwaka 1975. Ila bahari ya Juni na Julai si ya kuchezea, kwa kuwa kusi huvuma kwa nguvu na mawimbi huwa makubwa. Mwenye watoto wadogo yafaa apite nchi kavu.

Asiyefungwa na ratiba ya shule aweza kungoja demani, yaani Septemba hadi Oktoba. Kusi hulegea, bahari hutulia, na korosho huanza kuiva. Nyangumi, ambao huja katika maji hayo kila mwaka kuzaa, bado huonekana. Wakati wa bamvua, mwezi mpevu au mwandamo, maji hutoka mbali sana, na akina mama huingia miambani kutafuta pweza. Bamvua hiyo hiyo humhusu na msafiri: kivuko cha Kilambo kwa miaka mingi kimetegemea maji kujaa. Aliyeachwa na maji hungoja mengine, muda wa saa 12 na zaidi. Wenye gari waweza kwenda mbali juu ya mto, hadi Daraja la Umoja huko Mtambaswala, lenye urefu wa mita 720, lililofunguliwa mwaka 2010.

Lakini kiangazi kina upande wake wa pili, na wasomaji wenye sare wataufahamu upesi. Mto unapopungua humfungulia njia ndugu, na humfungulia adui pia. Novemba 1917, kabla ya mvua, jeshi la von Lettow-Vorbeck liliuvuka Ruvuma huko Ngomano na kuishambulia ngome ya Wareno. Oktoba 2020 washambuliaji kutoka ng'ambo waliingia kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara, wakaua na kuchoma nyumba. Vita hivyo vya Cabo Delgado vilianza Oktoba 2017 huko Mocímboa da Praia. Tarehe 24 Machi 2021 vilifika mjini Palma, na maelfu ya watu wakakimbia makwao. Majeshi ya Rwanda na ya nchi za SADC, Tanzania ikiwamo, yaliingia Julai 2021. Ujumbe wa SADC ulimaliza kazi yake mwaka 2024, lakini mashambulizi mkoani humo yaliendelea hata mwaka 2025.

Kwa hiyo kalenda ya hewa peke yake haitoshi. Kabla ya kufunga mizigo, mkuu wa familia aulize habari za usalama kwa wakuu wa mpakani na kwa jamaa walioko huko huko, tena aulize wiki ile ile ya safari. Mtumishi wa jeshi au polisi hapana budi apate kwanza ruhusa ya mkuu wake. Hati za kusafiria ziwe kamili, za watoto pia. Vyandarua na dawa visisahauliwe, hata Juni.

Habari zikiwa njema, Juni ndiyo bora kwa familia yenye watoto, na demani kwa watu wazima. Habari zikiwa mbaya, hakuna mwezi mzuri. Hapo ni afadhali nauli igeuzwe kuwa unga na nguo na kupelekwa kwa mtu wa kuaminika, na likizo iliwe Mtwara. Shangazi wa Kionga atasikitika kuwakosa wajukuu mwaka huu, lakini atalala akijua kwamba wako salama, na Juni nyingine itakuja.