Tasfida na Tezi Dume

Katika somo la semantiki tulifundishwa kuwa tasfida ni kupunguza ukali wa neno ili msikilizaji asiudhike. Mifano ilikuwa ile ile ya kila mwaka: haja ndogo, msalani, nguvu za kiume. Kwamba adabu hiyo ya lugha yaweza pia kumnyima mgonjwa msaada, hilo nililiona Likoni, kwa ami yangu anayeishi na saratani ya tezi dume.

Istilahi yenyewe haina kasoro. Tezi dume i chini ya kibofu, na njia ya mkojo hupita katikati yake. Ikivimba, mkojo husongwa. Lakini hilo ni neno la vitabuni na redioni. Kwa wazee wengi wa Likoni, Kisauni na Changamwe, ugonjwa wa chini ya kitovu ni mshipa tu, na jina hilo hubeba busha, ngiri na hata saratani. Nelson Mandela alipotibiwa maradhi haya kwa mionzi mwaka 2001, dunia nzima ilipata habari. Mtaani kwetu, wengine tumewajua matangani.

Ami alibahatika kutibiwa. Kila baada ya miezi mitatu hudungwa sindano ya kuzuia homoni za kiume. Msingi wa tiba hii uliwekwa mwaka 1941 na Charles Huggins, huko Chicago, aliyeonyesha kuwa saratani hiyo hustawishwa na homoni hizo. Alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Sindano huudhibiti ugonjwa, ila huleta yake: joto la ghafla, jasho la usiku, mifupa kudhoofika, na kukatika kwa hamu ya tendo la ndoa, tukitumia tasfida ya redioni.

Kliniki huulizwa, "Mzee, waendeleaje?" Naye hujibu, "Alhamdulillahi." Basi huandikwa kuwa mgonjwa hana tatizo. Kipragmatiki, hapo imetolewa salamu na imeitikiwa salamu. Mzee wa Kimvita haitikii salamu kwa kutaja mkojo wake, tena mbele ya mwana wa nduguye!

Aliyoyanyamazia kliniki aliyasema siku moja juu ya feri, macho yakiwa majini: "Mwanangu, mimi sasa ni bomba bovu. Lavuja."

Hapo ndipo mengine yalipofunguka. Siku ya kuvuka kwenda kisiwani hanywi maji tangu alfajiri, kwa kuwa katika msongamano wa kivukoni hakuna pa kujisitiri. (Wa Kisauni na Changamwe hawana feri, lakini foleni za matatu wanazo.) Kubwa zaidi, alikuwa ameacha kwenda msikitini, akiamini kuwa udhu wake haudumu na swala yake haifai. Jambo hili halikuhitaji dawa. Lilihitaji shehe wa mtaa, aliyemweleza kuwa katika madhehebu ya Shafii mwenye hadathi ya kudumu hujisafisha, hujifunga kitambaa, hutawadha baada ya wakati wa swala kuingia, kisha huswali bila kukawia, na swala yake ni sahihi. Sasa ami huswali jamaa, safu ya nyuma, karibu na mlango.

Yamkini wanafunzi wa tafsiri watakaoandaa hojaji za hospitali watalizingatia hili. "Una mahitaji gani?" ni swali lisilojibika. "Usiku waamka mara ngapi? Msikitini au kanisani waenda? Safari ya mjini waionaje?" Hayo yana majibu, ilimradi jamaa aliyemsindikiza mgonjwa aombwe kwanza kungoja nje.

Lipo moja ambalo mimi sijaliuliza wala sitaliuliza, nalo ni habari ya ami na mkewe. Swali hilo lina mwenyewe: mwanamume wa rika lake, aliyedungwa sindano hiyo hiyo, wakiwa wawili barazani baada ya Isha.