Swali Lililobaki Daftarini

Huenda umezoea kudhani kwamba kazi ya mwanafunzi ni kupokea yale yaliyokwisha kuvumbuliwa na wengine. Nami nilidhani hivyo. Lakini mwaka 1969, katika chuo cha MIT nchini Marekani, Margaret MacVicar alianzisha mpango wa kuwashirikisha wanafunzi wa shahada ya kwanza katika utafiti pamoja na walimu wao. Mwanafunzi huandika pendekezo, mwalimu hulikubali, na kazi yake yaweza kulipwa ujira au kuhesabiwa katika masomo.

Nilipokuwa chuo cha ualimu nilitamani kujua kwa nini watoto wa kijiji kimoja hawakuja shuleni siku za soko. Niliomba nauli ya safari tatu tu. Nikajibiwa kwamba utafiti ni wa wenye shahada. Jibu lilitolewa kwa upole, na upole huo ndio ulioniumiza zaidi.

Sasa nafundisha. Juzi mwanafunzi wangu aliniuliza mbona kisima chetu hukauka mwezi wa Januari, ilhali cha jirani hakikauki. Nimempa kamba ya kupimia kina, na daftari langu lile lile. Kurasa zake nyingi zingali tupu.